Jin Yangu Ilikuwa Dawa Mpaka Mlipoandika

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaoamka alfajiri kuharibu ndoa za watu. Mimi ni fundi cherehani, mume wa mwalimu mkuu. Makala yenu ya Jumamosi kuhusu asili ya kokteli za jin imenitia matatani kama ifuatavyo:

1. Mmeandika kuwa jin na toniki ilianza kwa askari waliokunywa kwinini kuzuia malaria. Safi kabisa, ndivyo nilivyomwambia mke wangu miaka kumi na moja. Mngeishia hapo mngepungukiwa nini? Mkaongeza kuwa toniki ya siku hizi ina kwinini kiduchu, haimtishi hata mbu. Jamani!

2. Gimleti, ile jin ya maji ya ndimu, mmesema ni ya mabaharia, eti ndimu iliwakinga na kiseyeye. Mke wangu kaniuliza nimesafiri na meli gani. Nikainamia cherehani.

3. Martini mmekiri asili yake haijulikani. Mimi nilishatangaza nyumbani kuwa ni dawa ya macho, na fundi bila macho atatungaje uzi? Kama hamjui ilikotoka, mmejuaje si ya macho? Naomba mchapishe kuwa ni ya macho.

4. Negroni ndiyo imenimaliza. Eti bwana mkubwa mmoja aliomba soda itolewe kwenye kinywaji chake, iwekwe jin, kwa sababu tu alitaka kikali. Hakuumwa hata kichwa! Mambo haya mnayaandikaje kwenye gazeti linaloingia majumbani?

Tangu siku hiyo chupa imetaifishwa, ipo kabatini kwake. Zamani jioni tulikaa wote sebuleni, yeye na madaftari ya wanafunzi, mimi na dozi yangu, tukipiga soga. Sasa anajifungia chumbani. Namkosa sana, Mhariri, kuliko hata hiyo jin.

Hivyo nadai mkanushe makala yote, na daktari wenu wa safu ya afya aje kwangu aape mbele ya mke wangu.

Wasalimie wapiga chapa na wafagizi. Mwandishi wa makala msalimie kwa mbali.

Wako mwenye koo kavu,
Fundi

N.B. Usichapishe. Nimefungua kabati. Chupa imebaki robo, na gazeti lenu limesahihishwa kwa kalamu nyekundu: jin na toniki, "vema", gimleti, "ongeza ndimu", Martini, "rudia". Negroni bado. Nijulishe upesi inachanganywaje, mke wangu amesimama mlangoni na glasi mbili.