"Give Up" kwa Vitendo

Jumatatu, 4 Agosti 1986
Siku njema! Hapa hotelini Malindi anatafutwa mtu wa mapokezi. Bi Mueni, meneja wetu, amesema usaili ni Jumamosi. Mimi Joram, dobi, nitavaa tai. Mpinzani ni mmoja tu: Tsuma, mhudumu wa mezani, mwenye Kiingereza cha kuokota. Changu kitakuwa cha ndani. Nimechagua kitenzi "give up", kina maana nyingi kama mifuko ya suruali ya fundi. Nitazifanyia mazoezi zote kwa vitendo.

Jumanne, 5 Agosti
Maana ya kwanza: kuacha tabia mbaya. Taabu ni kwamba sina. Nimeanza kuvuta sigara asubuhi ili niache jioni. Nimekohoa hadi mashuka yakaanguka mchangani, nikayafua upya. Lakini jioni nimeacha, tena kwa Kiingereza safi.

Jumatano, 6 Agosti
Maana ya pili: kumpisha mtu kiti. Nimekwenda kwa kinyozi. Kila aliyeingia nimesimama, nikamwambia "I give up my seat". Wazee wa hapa mjini wana adabu. Kila mmoja ameniuliza hali, nyumbani na afya, akaniombea dua, kisha akakaa. Kinyozi akafunga duka. Nimerudi na nywele zangu.

Alhamisi, 7 Agosti
Maana ya tatu: kujisalimisha. Nimemwendea Mzee Garama, bawabu, mikono juu. Akauliza nimeiba nini. Nikasema ni mazoezi. Akasema hivyo ndivyo wezi wote husema, akanipekua, akakuta sabuni ya hoteli. Sasa dobi asiwe na sabuni? Nikapelekwa kwa Bi Mueni. Amecheka mpaka akafuta machozi. Dalili nzuri.

Jumamosi, 9 Agosti
Usaili ni kumhudumia mgeni, Bi Mueni akitazama. Nimesimama kaunta, tai imenikaba. Akaja mama mmoja Mwitaliano, kama walivyo karibu wageni wetu wote. Akalalamika kwa mikono miwili, sikuambulia neno. Nikampa "give up" kwa maana zote: nikamsimulia ile ya sigara, nikampisha kiti, nikainua mikono. Kiti alikikubali, kulalamika hakuacha. Tsuma akapita na sinia la pweza, akamjibu kwa Kiitaliano alichojifunza kwa mpishi. Kumbe mama kapoteza ufunguo wa chumba. Tsuma akampa mwingine, akakumbatiwa. Kazi ni yake.

Nimeumia, sifichi. Baadaye Tsuma ameniletea pweza kule dobini. Amesema atanifundisha Kiitaliano kila jioni, bure, na nafasi nyingine ikitokea atanisemea kwa Bi Mueni. Pweza alikuwa mtamu mno.

Jumapili, 10 Agosti
Nimewaza hata kanisani, na sasa roho yangu ni nyeupe. Kosa si langu. Wageni ndio hawajui Kiingereza! Nimemshukuru Tsuma, nimekataa. Kesho nafungua darasa la Kiingereza kwa Waitaliano, pale penye kamba za mashuka. Somo la kwanza: kuacha tabia mbaya. Sigara nimeshanunua, kwa wale ambao hawajaanza kuvuta.