Babu wa Kuazima

Jumatatu, 12 Agosti 1996

Nimepata wazo. Kubwa! Nitaandaa kongamano la watafiti wa historia ya familia, Jumamosi na Jumapili, katika darasa moja kijijini Ikonge, maana shule zimefungwa. Watafiti ni nani? Yeyote anayemjua babu yake.

Lengo halisi ni Bochaberi, binti wa Ikonge ninayetaka kumwoa. Babake, Mzee Manasseh, hataki kumwoza kwa mtu asiye na mizizi. Mwalimu Ratemo wa Birongo, ambaye naye anamtaka, anayo, tena anaitangaza. Mimi ni Mogire wa Kiogoro, nauza misumari dukani kwa Bwana Indravadan mjini Kisii. Inaonekana hiyo haitoshi.

Jumatano, 14 Agosti

Nimempelekea Mzee Manasseh mwaliko. Akanikalisha, akanisimulia habari za Onkware, mwindaji wa zamani aliyemnyonga chui kwa mikono mitupu. Mzee alitokwa na machozi. Nami nilisisimka mwili mzima. Mtu wa namna hiyo alikanyaga udongo huu huu!

Papo hapo nikaamua. Onkware atakuwa babu yangu.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimemwomba Bwana Indravadan kipaza sauti. Akaacha kupima misumari, akataja baba zake saba mfululizo, hadi mkulima mmoja wa pamba kule Gujarati. Mimi hukwama kwa wa pili.

Nikamweleza mpango wa Onkware. Akauliza kwa nini Mzee Manasseh alilia. Nikamwambia wazee hulia ovyo. Akarudi kwenye mizani yake.

Jumamosi, 17 Agosti

Balaa! Viti vimejaa darasani, mtu ni mimi peke yangu. Nilisahau Sabato. Nusu ya Ikonge wako kanisani. Wakatoliki walichungulia, wakaona viti vitupu, wakaenda kuchuma chai.

Ratemo alipita, akauliza kwa upole kama kongamano limekwisha. Mnafiki!

Jumapili, 18 Agosti

Wamekuja! Baada ya misa, Wasabato kwa Wakatoliki, wakajaa mpaka madirishani. Kila mmoja alisimama akataja baba, babu, na baba wa babu. Kila jina lilipotajwa, mtu fulani nyuma aliitika kuwa ni la babu yake pia. Walioingia wageni wakakumbatiana kama ndugu. Sijawahi kuona jambo kama hilo. Nilisahau kabisa kwamba nilikuja kudanganya. Zamu yangu ilipofika nilimtaja Onkware kwa sauti iliyonitetemesha mwenyewe.

Mzee Manasseh akaja mbele, akanishika mabega.

"Mwanangu," akasema, "Onkware ndiye aliyemzaa babu yangu. Tuliambiwa mmoja wa wanawe alihamia upande wa Kiogoro akapotea. Kumbe wewe ni damu yetu. Bochaberi, njoo umsalimie kaka yako."

Vigelegele! Bochaberi akanisalimia, macho chini. Kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata babu awe wa zamani namna gani. Ningekana, ningekuwa mwongo mbele ya Ikonge nzima. Nikanyamaza, nikawa ndugu.

Moyo unaniuma sana. Lakini nisijifiche hapa: nilijivunia pia. Chui, kwa mikono mitupu!

Jumanne, 20 Agosti

Nimeitwa Ikonge haraka. Ratemo ameleta posa, na kaka wa binti lazima awepo ng'ombe wakijadiliwa. Bwana Indravadan alinipa ruhusa, kisha akaingia stoo kucheka. Nilimsikia.

Nilidai ng'ombe wengi kiasi kwamba Mzee alinikanyaga mguu chini ya meza. Ratemo alikubali tu, akaniita shemeji. Shemeji!

Ila amekuja na dada yake, Celestine. Mungu wangu, kumbe watu huumbwa hivi? Alinipa kikombe cha chai nikasahau kunywa. Baadaye nikamvuta Ratemo kando nikamwuliza, kwa ajili ya utafiti tu, ni babu gani wanayemheshimu kuliko wote kule kwao Birongo.

Amenitajia. Mpiga obokano, kile kinubi chetu kikubwa, ambaye mvua ilikuwa ikisimama kumsikiliza. Ratemo mwenyewe alilengwa na machozi.

Jina lake nimeshalikariri.