Upele Uliokosa Chanzo

Hospitali ilitangaza, kwa kipaza sauti na kwa fahari kubwa, kwamba kuanzia asubuhi hiyo upele usiojulikana chanzo umefutwa rasmi. Hakuna atakayepewa dawa kabla upele wake haujapata msimbo kamili: aina, mahali, upande na chanzo. Na ili usahihi usichezewe, kila msimbo utasomwa kwa sauti mbele ya foleni.

Karani wa misimbo, aliyeitwa Nukta hata na mkewe, alifurahi hadi akafunga tai upya.

Wa kwanza dirishani alikuwa shangazi yake, mfuaji wa hospitali. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka, vinatoa maji.

"Ukurutu, viganja, pande zote," Nukta alisoma. "Chanzo?"

"Si hiyo sabuni mpya ya Mkurugenzi? Inachubua kama msasa."

Nukta akashusha sauti. "Shangazi, sabuni ya hospitali haimo kwenye orodha ya vyanzo. Mkurugenzi ameiondoa mwenyewe. Kuna paka, kuna maua, kuna mikufu."

"Paka nimtoe wapi, mwanangu?"

"Basi tusubiri chanzo kipatikane."

"Nisubiri nimeshika nini? Kijiko chenyewe kinanishinda."

Nukta alivitazama vidole ambavyo utotoni vilikuwa vikimfunga vifungo vya shati la shule. Kisha akautazama mwongozo wa misimbo. Mwongozo ulikuwa na mhuri.

Shangazi akawa anakuja kila asubuhi, anakaa benchi la mbele, mikono juu ya mapaja kama vyombo vya kuazima.

Siku moja Mkurugenzi akaingia akitembea ametanua miguu. Kwa heshima ya cheo chake, suruali zake zilifuliwa hospitalini.

"Nipe dawa ya kupaka, haraka," alinong'ona.

"Mahali, mheshimiwa?"

"Andika tu mwilini."

"'Mwilini' umeifuta wewe, mheshimiwa."

Mkurugenzi akanong'ona tena.

"Makalio!" Nukta akasoma kwa sauti safi. "Upande?"

"Yote, bwana!"

"Makalio yote. Chanzo? Kuna paka..."

"Paka wa nini kwenye makalio yangu!" Mkurugenzi akajikuna, akasahau kunong'ona. "Ni sabuni! Sabuni ya hospitali!"

"Haimo, mheshimiwa. Labda uidhinishe."

Akaidhinisha palepale, mkono mmoja dirishani, mwingine nyuma.

Nukta akainamia kipaza sauti. "Chanzo kimepatikana. Dawa zitatolewa kwa foleni. Wa kwanza, shangazi."

Shangazi akainuka taratibu, akamwonyesha Mkurugenzi nafasi aliyoiacha.

"Karibu benchi, baba. Kaa, usione haya."