Homa ya Ghorofa Saba

Jumatatu, 2 Februari
Wamekuja. Mhandisi, binti mwenye viatu vizito, amefunga visanduku kwenye nguzo na paani pa ghorofa zangu saba. (Zangu kwa kuzifagia na kuzilinda.) Akasema vinasikiliza jengo linavyotikisika. Kila jengo lina mtikisiko wake; hesabu ya mitikisiko kwa sekunde ikishuka, huenda pana mahali pamelegea, na watu wote watatolewa. Nikauliza, wote? Akasema wote, mzee wangu, hata wewe. Chumba changu cha chini ni cha kazi. Jengo likifungwa, kazi na kitanda vinaondoka pamoja. Alipoanza habari za kipimajoto alichotundika paani, sikungoja. Nilikimbilia chumbani kubandika kalenda juu ya ufa wa nguzo.

Jumanne, 3 Februari
Mama mkwe ameinua kalenda. Akanikumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba nimeziba. Akafungasha mkoba wake, akaketi nao mlangoni. Namwogopa kuliko ufa wenyewe.

Jumatano, 4 Februari
Kioo kidogo cha vile visanduku, chini ya ngazi, kilisema 2.10 asubuhi. Saa saba mchana, 2.04. Imeshuka! Nikapanda paani roho mkononi. Jua kali, kipimajoto kinasoma thelathini na nane. Hapo nikaelewa: jengo lina homa. Nimelea watoto watatu, homa naijua. Mhandisi akiiona kwenye kompyuta yake tumekwisha. Nimekifunga kipimajoto ndani ya mfuko wa plastiki na kukitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi. Kumi na tisa. Sijui wengine huwa wanasomea nini.

Alhamisi, 5 Februari
Mhandisi kapiga simu. Watu wote nje, sasa hivi. Ghorofa zote saba ziko barabarani na magodoro. Mlinzi wa jengo la ng'ambo, yule tunayemwita Domokaya, amejiletea kiti atazame vizuri. Akaniuliza kama nyumba yangu inaumwa. Mama mkwe alitoka wa kwanza.

Ijumaa, 6 Februari
Ndoo imeonekana. Mhandisi hakugomba, angegomba ningepata nafuu. Akanieleza polepole. Joto hulegeza jengo kidogo, hesabu hushuka mchana na kupanda asubuhi, na hiyo ni kawaida. Kipimajoto kipo ili ajue lipi la jua na lipi la ubovu. Kushuka wakati wa baridi ndiko kunakotisha, na mimi, kwa ndoo yangu, nilimwambia paani kuna baridi. Akakagua nguzo zote isipokuwa ya chumbani kwangu: nilisema mama mkwe anavaa. Mama mkwe mwenyewe alikuwa ng'ambo ya barabara, amekalia mkoba. Nikaapa sitagusa tena kitu. Watu wamerudi wakinitazama vibaya.

Jumapili, 8 Februari
Mvua tangu alfajiri. Baridi. Kioo kinasema 1.98, chini kuliko siku ile ya jua. Mlango wa chumba haufungi. Ukutani kumelia kwaa, mara mbili. Nimeogopa, nakiri, hata chai imenishinda. Mke wangu akasema mwite mhandisi. Nimwite aje anitoe kitandani?

Nikatuliza akili. Si amesema mwenyewe kwamba joto ndilo linalolitetea jengo? Basi nimekivika kipimajoto blanketi pamoja na chupa ya maji ya moto. Thelathini na tisa! Simu ikabaki kimya. Baadaye mhandisi akaandika kwamba yote ni sawa, ni jua tu. Inaonekana yeye anakaa mbali na mvua.

Jumatano, 11 Februari
Nabadilisha maji ya chupa kila baada ya saa tatu. Hakuna simu. Mama mkwe amekwenda kwa mwanawe mwingine, na safari hii amemchukua mke wangu na watoto. Hawakuaga vizuri. Chumba kimekuwa kikubwa, kila mlio nausikia mimi peke yangu. Ufa umerefuka hadi kutokeza nje ya kalenda, kidole changu kinaingia.

Kesho natafuta kalenda kubwa zaidi.