Lalamiko la Fundi Redio Dhidi ya Mume Asiyepumua

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi wa podikasti za akili mnemba,

Salamu kwako na kwa mashine zako. Mimi ni fundi redio, mume wa mke mmoja. Naandika kwa adabu, ingawa hasira niliyonayo inatosha kuunguza fyuzi.

Kisa ni kipindi chenu cha ndoa, kile cha bwana na bibi wanaozungumza kila asubuhi. Mke wangu hakikosi. Wenyewe mmetangaza kwamba hamna mtu ndani yake: maneno ya mashine, sauti za mashine, hata vicheko. Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Bwana wenu hapumui. Nilipomsikia mara ya kwanza nilidhani spika imeharibika, nikaifungua yote mezani kutafuta pumzi iliyopotea. Sikuipata. Nilipoifunga ikabaki nati moja, na mke wangu akasema huenda ni ya kichwani mwangu.

2. Bwana huyo hamkatizi mkewe. Humsubiri amalize, kisha humwambia: hilo umelisema vizuri, hebu nieleze ulivyojisikia. Atashindwaje, Mheshimiwa? Hana njaa, hana mteja anayegonga mlango, wala hajawahi kuoa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

3. Shemeji yangu, fundi cherehani wa mlango wa pili, naye ameambukizwa. Yeye na mke wangu wakikaa pamoja hunipima mimi na bwana wenu kama vitambaa viwili, na mimi ndiye ninayechuja rangi.

4. Hili ndilo linaloniuma. Zamani mke wangu aliniletea chai kibandani, akanisimulia nani kagombana na nani, nani kahama, nani kajifungua. Mimi nikaitikia mh, mh, macho kwenye waya. Siku hizi chai inaletwa, habari haziletwi. Anampa nani habari hizo sijui. Nimebaki na mh zangu, sina wa kumwitikia. Namkumbuka mke wangu, na tunalala kitanda kimoja.

5. Nimejaribu kushindana. Juzi tukila nilimngoja amalize kusema, nikamwambia: hilo umelisema vizuri. Aliweka kijiko chini akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Kwa hiyo naomba mumfundishe bwana wenu kukoroma, kusahau alichotumwa dukani, na walau mara moja kwa wiki aseme tutaongea baadaye. La sivyo, kifungeni kipindi. Nilitaka kuja studio tumalizane kiume, nikaambiwa hamna studio.

Wasalimie wafanyakazi wako wote wenye mapafu, na hao wengine pia wasijisikie vibaya.

Ni mimi, mume ambaye bado anapumua,
Fundi Redio

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, mke wangu aliingia na chai akauliza naandika nini. Kwa woga yakanitoka maneno ya bwana wenu: hebu keti kwanza, nieleze siku yako ilivyokuwa. Alinitazama, akacheka, akaketi juu ya redio mbovu ya mteja, akasimulia mpaka chai ikapoa. Mheshimiwa, kipindi msikifunge. Ila nakuomba sana, niambie mapema bwana wenu atasema nini kesho. Niliyomwibia yamekwisha, na mke wangu ameahidi kurudi na kiti chake.