Vijidudu Vyema vya Koko Nsimire

Jumatatu, 6 Mei

Habari mbaya. Koko Nsimire, mama yake Papa, anahama. Jumapili Papa mkubwa Birindwa, kaka yake Papa, anakuja na gari kutoka Bukavu kumchukua. Koko atavuka mpaka na begi lake, rozari yake na kibuyu chake cha maziwa, na chumba chetu kitakuwa changu peke yangu. Sikitaki.

Sababu ni tumbo. Tangu amalize dawa za jino, tumbo la Koko linajaa hewa na kunguruma kama pikipiki inayopanda kutoka mpakani hadi kwetu Kamembe. Muuguzi wa kituo cha afya alimpima. Akasema hakuna ugonjwa mbaya, ni hewa tu, atembee kidogo kila siku na apunguze maharage. Koko hakupenda jibu hilo. Anasema kosa ni maji ya huku. Yeye alizaliwa ng'ambo, na tumbo lake linataka ng'ambo.

Papa anasema tuheshimu uamuzi wa mama yake. Maman, ambaye anavuka kila asubuhi na nyanya zake, anasema Bukavu si mwezini. Ni kweli. Ukisimama nyuma ya kanisa letu unaona mabati yake. Lakini kuona mabati ya mtu si kulala naye chumba kimoja. Nani atanisuka nywele na kunigonga kwa kichana nikisogea? Nani atanisimulia tena habari za yule jirani aliyemficha kondoo wa padri chini ya kitanda?

Jioni Chloé alituma picha kwenye simu ya Maman. Chloé ni binti wa Papa mkubwa, tuna umri mmoja. Ilikuwa picha ya pazia. Jipya, la waridi, la chumba cha Koko huko Bukavu. Chini aliandika: "Christelle, sasa utakuwa na chumba peke yako, félicitations, hongera."

Sijajibu. Natafuta mpango.

Jumanne, 7 Mei

Mpango umepatikana. Tena katika somo la biolojia!

Madame Vénantie alitufundisha utumbo. Ndani mwetu vinaishi vijidudu vingi, vibaya na vyema, na dawa kali zinaweza kuua vyote pamoja. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Nikauliza vile vyema vinarudishwaje. Alisema yeye hunywa kefiri, maziwa yanayochachushwa kwa punje fulani alizopewa na mtawa mmoja. Husaidia baadhi ya watu, alisema. Si wote. Si dawa. Na mtu aanze na kidogo.

Katika daftari niliandika "husaidia" na kupiga mstari chini yake. Mengine nitayakumbuka.

Baada ya masomo alinipa punje chache kwenye chupa ya jamu. Zinafanana na vipande vya koliflawa. Alinipa na masharti: maziwa yasiwe ya moto, chujio liwe la plastiki, na juu pafunikwe kwa kitambaa tu, si kwa kizibo, kwa sababu kefiri inatoa hewa na hewa inataka njia. Nilisema ndiyo Madame kwa kila sharti.

Maman aliiangalia chupa akauliza nani ametapika ndani. Nilimweleza sayansi. Alisema sayansi ikae mbali na nyanya zake.

Jumatano, 8 Mei

Kefiri imekubali. Nzito, ina povu, inanukia kama unga wa mkate uliolala. Nilimimina katika kikombe cha wageni nikampelekea Koko barazani kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa.

Nilikuwa nimesahau jambo moja. Kwetu, anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele yako. Hivyo unajua hakuna sumu na kwamba mtu huyo anakutakia mema. Siku hizi wengi wanaruka hatua hiyo. Koko haruki. Alinirudishia kikombe, akangoja.

Mimi sipendi maziwa yaliyochachuka. Hata mashanza ya kawaida, yale ya kuganda ambayo nyumba nzima inayapigania, mimi nawaachia wengine.

Nilionja. Sijui uso wangu ulifanya nini, lakini Koko aliutazama kwa muda mrefu.

"Weye mutoto," alisema, "kama ni sumu, sema tu."

Nilisema ni vijidudu vyema. Akauliza nani aliishi navyo hadi akajua ni vyema. Kisha akagusa kefiri kwa ncha ya ulimi, akanishukuru kwa heshima kubwa, na kuimwaga kwenye mgomba.

Mgomba unaendelea vizuri.

Alhamisi, 9 Mei

Kosa la jana lilikuwa uso. Asubuhi nilifanya mazoezi mbele ya kioo kwa maji ya limau. Papa alipita akauliza kama jino sasa limehamia kwangu.

Jioni nilionja bila kukunja hata nyusi. Koko hakuridhika. Alisema hivyo ndivyo ndege anavyokunywa. Kama kitu ni kizuri, muntu anakunywa kama muntu. Nikanywa nusu. Akachungulia ndani ya kikombe.

"Na ile nusu ingine? Njo iko na sumu?"

Nikamaliza. Akaniambia bon, kumbe haina kitu, nimletee basi. Lakini kikombe kilikuwa kitupu. Koko akacheka hadi akashika ukuta. Alisema vijidudu vyangu vina bahati, vimepata nyumba.

Mpango umeshindwa tena. Ila Koko hajacheka hivyo tangu jino.

Chloé ametuma picha ya kitanda. Pana pia mto wenye maua.

Ijumaa, 10 Mei

Siku ya aibu. Tulikuwa na jaribio, darasa kimya kabisa, na tumbo langu likaanza kuongea. Kwanza polepole. Kisha kwa sentensi ndefu. Niyonsenga, anayekaa mbele yangu, aligeuka kutazama kama kuna mtu ameingia. Baadaye mambo yakawa mabaya zaidi na sitayaandika. Madame Vénantie, bila kuinua kichwa, aliomba anayekaa karibu na dirisha alifungue. Akipita kwangu kukusanya karatasi alisema kwa sauti ndogo: "Kidogo, Christelle. Nilisema kidogo."

Nilirudi nyumbani na mpango mpya. Tatizo ni kikombe! Koko hapendi kikombe. Anapenda kibuyu chake, kile alichoachiwa na mama yake, kinachoning'inia msumarini na ambacho hakijaona maziwa miaka mingi. Daima anasema maziwa bila moshi ni maji meupe.

Basi nilikiosha. Nikachoma majani makavu kwenye jiko na kukifukiza kama alivyonisimulia. Kitambaa cha kichwa cha Maman kilikuwa kwenye kamba, sasa nacho kimefukizwa. Amekasirika.

Nilimimina kefiri haraka kabla Maman hajarudi jikoni, na punje zote zikaingia pamoja. Shingo ya kibuyu ni nyembamba. Nilikipindua, nikakitikisa, nikakibembeleza. Punje hazitoki. Haidhuru, zikae humo, ni nyumba nzuri. Madame alisema kitambaa, lakini Maman anasema akisikia harufu hiyo karibu na nyanya zake atakitupa ziwani. Nimeziba kwa gunzi la mahindi. Nimeligonga kidogo kwa mwiko ili likae.

Jumamosi, 11 Mei

Leo Koko amekunywa.

Gunzi lilitoka kwa mlio mdogo wa furaha. Nilimimina, nikaonja kwanza. Ni kama kulamba jiko. Nilimeza na kutabasamu. Koko alipokea kikombe, akanusa, na badala ya kutania akanusa tena. Akanywa funda moja refu. Kisha lingine. Alisema hii ni harufu ya nyumba ya mama yake kule Kabare, asubuhi, kabla ya watu kuamka. Akaniambia nikae. Nilikaa. Alinisimulia kisa cha ndama mmoja aliyependa kulamba masikio ya watoto, habari ambayo sijawahi kuisikia, na mimi nilidhani nimezimaliza zote.

Nikamuuliza kama tumbo limepona. Aliligonga kwa kidole. Bado ngoma. Begi lake liko tayari karibu na mlango.

Mafunda mawili hayatoshi, ni wazi. Vijidudu vinahitaji jeshi. Nimejaza maziwa mapya kibuyu kizima hadi shingoni, nimeziba kwa gunzi jipya, nene zaidi, na nimeligonga kwa jiwe. Nimekiweka mahali penye joto karibu na jiko. Kesho kitakuwa na nguvu zake zote.

Jumapili, 12 Mei

Naandika yote kwa mpangilio.

Papa mkubwa Birindwa alifika baada ya misa, suti ya kijivu, tai, viatu vinavyong'aa. Chloé alikuwa naye. Walikaa sebuleni. Papa mkubwa alikiona kibuyu juu ya meza, akafurahi sana, akasema hajakiona tangu utoto. Akakichukua. Nilitaka kusema kitu, lakini mtoto hamkatizi mkubwa anapokumbuka. Alikitikisa. Alikitikisa vizuri, kwa mikono miwili, kama mtu anayejua maziwa, huku akituimbia wimbo wa kuchungia ng'ombe.

Gunzi lilipiga bati la dari na kurudi. Kefiri haikurudi. Ilikwenda kwenye suti, kwenye tai, kwenye nyusi. Punje moja ilikaa kwenye sikio la Papa mkubwa kama hereni.

Kisha Koko akaanza. Mwanzoni nilidhani analia. Alicheka akiwa amejishika tumbo, akacheka hadi rozari ikaanguka, na katikati ya kicheko hicho hewa ilitoka. Hewa ya wiki nzima. Sitaandika kwa njia gani. Papa alianza kukohoa kwa nguvu ili kumsaidia.

"Aah," Koko alisema akifuta macho. "Mungu asifiwe."

Papa mkubwa alivalishwa shati la Papa, ambalo halifungi tumboni. Alikaza sauti akasema sasa twende, jua linapanda. Koko alisema kwanza anywe kidogo cha kuagana. Kibuyuni kilikuwa kimebaki kiasi. Akamwomba Chloé ammiminie, kwa kuwa huko Bukavu yeye ndiye atakayekuwa akimpa kinywaji.

Chloé alimimina vizuri, lazima niseme ukweli. Hata tone halikumwagika. Akampa kikombe. Koko akakishika, akangoja. Chloé naye akangoja. Papa mkubwa alimnong'oneza aonje. Chloé akanusa, akarudi nyuma hatua.

"Koko, miye sikunywake maziwa. Inanitoaka mabuto, ile chunusi, ku uso."

Koko hakukasirika. Alisema uso muzuri ni kitu cha kuchunga. Lakini kikombe alikiweka mezani, na akageuka kunitazama.

Nikaonja. Kulikuwa na punje ndani, nikaimeza nayo. Koko akanywa yote iliyobaki, akafuta midomo, akamwambia Papa arudishe begi chumbani.

Papa mkubwa akauliza: na tumbo? Koko akasema tumbo ni lake na halijamtuma mtu. Na pazia, mama? Tumeshanunua pazia.

"Pazia ni muzuri sana, mwanangu. Ukuje unionyeshe picha yake kila siku ya Mungu."

Papa mkubwa alicheka mwishowe. Alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu, shati likafunguka kabisa. Chloé aliniomba punje itolewe kwenye kiatu chake.

Koko anabaki. Koko anabaki! Sayansi imeshinda.

Jumatano, 15 Mei

Tumbo la Koko ni zuri kila siku kuliko jana. Nilimwambia Madame Vénantie mbele ya darasa zima. Aliuliza kama kuna kingine kilichobadilika. Nilisema hakuna. Ila tunatembea pamoja kila jioni kwenda kununua maziwa, mpaka karibu na barabara kubwa na kurudi, na maharage ameyapunguza kwa sababu anataka kuacha nafasi ya kefiri. Madame aliniangalia kwa namna ya ajabu, akasema vizuri sana, tuendelee na yote.

Koko bado hanywi kabla sijaonja. Kila jioni tunakaa barazani, mimi nakunja uso, yeye anacheka, kisha habari inaanza. Kisa cha ndama kina sura nyingi kuliko nilivyodhani. Nikipata namna ya kumfanya anywe bila mimi kuonja, nitaokoa muda mwingi.

Jana jioni Chloé aliandika. Hakuna picha. Anauliza kama ni kweli kefiri inaweza kusaidia ngozi, na kama bado nina punje. Sina kinyongo. Nilichagua punje nono kati ya zile zilizoruka Jumapili, nikazitia katika chupa ya plastiki, nikaijaza maziwa hadi juu kabisa ili pasiwe na nafasi ya uchafu kuingia. Papa alinisaidia kukaza kizibo kwa koleo. Nikazungushia na mpira wa baiskeli. Maman ameibeba leo asubuhi juu ya kikapu cha nyanya, na jua lilikuwa zuri.

Nimemwandikia Chloé maagizo kwa mwandiko safi. Itikise sana. Ifungulie chumbani, karibu na pazia, mahali pasipo na vumbi. Na Papa mkubwa awepo, avae vizuri, apige picha.