Bega la Kulia la Sabatino

Jumatatu, 10 Juni

Nimeanza mazoezi ya kutoweza. Mkono wa kulia umefungwa kwenye kitambaa tangu asubuhi na hautatoka humo mpaka mtaalamu wa mahakama anikague, Jumatano ya wiki ijayo. Wakili Mennella anasema mbwembwe zote hizo hazihitajiki, kesi yenyewe haina ubishi. Februari niliingia hospitalini kutengenezwa bega la kushoto. Nikazinduka nimepasuliwa la kulia. Bima yao imeshapendekeza fidia, na fedha hiyo inatosha kuanza kulipia nyumba ya vyumba viwili kule nyuma ya stesheni. Niweke sahihi tu.

Sikuweka. Mennella ni mwanamke mwaminifu, na uaminifu huo ndio uliomwacha na ofisi juu ya duka la kinyozi. Fidia huku huenda kwa pointi. Mwili ukiharibika zaidi, pointi zinapanda. Kovu ni pointi chache. Mkono uliokufa ni pointi nyingi. Basi mimi nitakuwa na mkono uliokufa.

Kuna tatizo dogo. Bega linaloniuma kweli ni la kushoto, lile ambalo hakuna aliyeligusa. Sasa la kulia limestarehe kitambaani, na la kushoto linafanya kazi zote. Leo kumenya chungwa kumenitoa machozi. Mama mkwe, Donna Immacolata, ambaye tunaishi kwake tangu siku ya harusi, alinitazama mpaka nikamaliza. Kisha akasema amezika waume wawili na hakuna hata mmoja aliyewahi kulizwa na chungwa.

Jumatano, 12 Juni

Mke wangu Ersilia ameanza kufunga masanduku. Nimemwambia asifikirie tena vyumba viwili, itakuwa vitatu na roshani. Akaniuliza kwa upole kwa nini nisichukue vile viwili vilivyokwisha kuwa mkononi. Nikamwambia subira huvuta heri. Akasema na yeye anajua methali moja, inaanza na tamaa. Akaendelea kufunga vikombe kwenye magazeti.

Jioni akapita kaka yake, shemeji Nunzio. Jumapili ni sikukuu ya Mtakatifu Prisko, na mnara wake wa mbao, wenye sanamu yake juu, hubebwa mabegani kutoka kanisani mpaka uwanja wa soko na kurudi. Nafasi ya mbele, upande wa kushoto wa mnara, ambako boriti hukaa kwenye bega la kulia, ilikuwa ya babu. Ikawa ya baba. Sasa ni yangu. Sheria ni moja tu: usipotokea mwaka mmoja tu, nafasi inakwenda kwa anayekufuata, wala hairudi. Anayenifuata ni Nunzio.

Alinipa pole nyingi sana. Akasema, "Shemeji, wewe pumzika. Afya kwanza, minara ipo kila mwaka." Alipokuwa anaondoka akauliza kama naweza kumwazima kitambaa changu chekundu cha shingoni, maana chake kimepauka.

Nyoka huyo.

Ijumaa, 14 Juni

Sikulala. Nimeona baba yangu akinitazama kutoka ukutani kwa jicho lile la kwenye picha.

Asubuhi nimekwenda kwa Mzee Gerardo, kiongozi wa wabebaji. Nimemweleza kwamba Jumapili nitabeba, ila si mimi. Nikamwomba atangaze kuwa nafasi yangu inashikwa na binamu yangu aliyeko Ujerumani. Mzee akasema binamu huyo tulimzika mwaka juzi, na yeye alikuwepo. Nikamwambia basi yule mwingine. Mzee akavuta sigara yake mpaka mwisho. Akasema kwake bega ni bega, mengine nitajibu mwenyewe.

Mpango umekamilika. Kofia. Kitambaa chekundu kufunika pua na mdomo. Miwani ya jua ya mama mkwe. Hakuna atakayenijua.

Jumapili, 16 Juni

Siku ya fahari!

Nilipotokea kwenye ngazi za kanisa, mwuza nyama akanipungia, "Sabatino! Mkono umepona?" Akafuatia padri. Akafuatia mwalimu wangu wa darasa la tatu, ambaye hata haoni vizuri. Donna Immacolata akapaza sauti kutoka dirishani kwamba anataka miwani yake ikirudi isiwe na mkwaruzo. Nilimwambia kila mmoja kwamba mimi ni binamu. Wakasema karibu nyumbani, Sabatino.

Nunzio alikuwa ameshasimama mahali pangu. Nikamgusa. Akanitazama miguu mpaka kofia, akanipisha. Uso wake nitaukumbuka nikiwa mzee.

Tarumbeta zikalia, Mzee Gerardo akatoa amri, tukanyanyuka. Nilisahau kesi. Nilisahau pointi. Mnara ulipopita kona ya benki, pale palipomshinda hata baba, nikauinua peke yangu kidogo, ili watu waone. Nyuma yangu kwenye boriti ileile alikuwa mgeni, mmoja wa wabebaji wanaotoka bonde la pili kila mwaka kujaza mapengo. Jitu la ndevu za kijivu. Tulipotua sokoni akanishika bega la kulia kwa vidole vyake vyote, akalibonyeza taratibu. Akasema, "Ndugu yangu, nimebeba miaka mingi. Bega la namna hii sijapata kuliona."

Nani angenyamaza baada ya maneno hayo? Nilimnunulia divai. Nikamweleza yote: bega lililopasuliwa kwa makosa, kitambaa, mkono uliokufa, vyumba vitatu. Nilimwonyesha hata jinsi nitakavyouachia mkono uanguke mezani mbele ya mtaalamu. Aliutazama kwa makini sana. Akauliza ukaguzi ni lini. Nikamwambia Jumatano, kwa Dakta Iovine, mzee fulani wa mjini ambaye bila shaka hajawahi kubeba kitu kizito kuliko kalamu.

Akasema ana kazi mapema kesho, akaaga. Mtu mzuri. Hakuimaliza divai yake.

Jumatano, 19 Juni

Dakta Iovine ana ndevu za kijivu.

Nilisimama mlangoni, mkono kitambaani. Mennella akanisukuma taratibu ndani, naye hajui kitu, maskini. Daktari akaniambia nikae, nivue shati. Begani palikuwa na alama ya boriti, nyekundu, pana kama kiganja. Mennella akauliza ile ni nini. Nikasema ni kuumwa na mbu. Daktari akamwambia, bila kucheka, kwamba anamjua mbu huyo, maana Jumapili yeye mwenyewe alimbeba nyuma yangu.

Akamweleza Mennella kila kitu. Akasema nikitaka atajitoa, mahakama itafute mtaalamu mwingine, lakini aliyoyaona atayasema popote atakapoulizwa. Mennella aliufunga mkoba wake. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na nilimwonea huruma kweli, maana kesi ilikuwa nzuri.

Daktari akauliza kama nina la kusema. Nilikuwa nalo. Nilimwuliza kama yale maneno ya Jumapili, kuhusu bega, aliyasema kwa dhati au ilikuwa divai.

Akasema kwa dhati.

Alhamisi, 27 Juni

Ripoti imefika. Bima imefuta pendekezo lake. Watalipia kovu, basi. Mennella amepiga hesabu, akanionyesha kinachobaki: bei ya kabati la nguo, la milango miwili. Amesema bado anaamini nilidhulumiwa na hospitali, ila hajapata kuona mtu anayeisaidia hospitali kwa bidii kiasi hiki. Akaniomba nisimpeleke mteja yeyote kwake.

Ersilia amefungua masanduku. Kikombe kimoja, gazeti moja, kikombe kimoja, gazeti moja. Afadhali angenitukana. Nilisimama mlangoni, na moyo uliniuma kuliko bega. Mama mkwe akapima ukuta kwa hatua zake, akasema kabati litaenea.

Lakini ripoti yenyewe! Ukurasa wa nne, kwa maandishi ya mahakama, pamepigwa mhuri: "Bega la kulia la mlalamikaji lina nguvu na uimara usio wa kawaida, unaozidi sana ule wa wanaume wa rika lake." Wa rika lake! Mimi na Nunzio tumezaliwa mwaka mmoja. Nimekwenda baa nikausoma ukurasa huo kwa sauti. Nikausoma mara ya pili, maana Nunzio alikuwa amechelewa kuingia. Akaniuliza tu kama Ersilia ameusoma.

Nimeutia kwenye fremu. Upo ukutani, chini ya baba.

Jumanne, 9 Julai

Naandika hospitalini. Zamu ya bega la kushoto imefika hatimaye, na safari hii hawataki mchezo. Muuguzi amenichorea mshale mkubwa kwa wino mweusi, unaelekea bega la kushoto. Amesema tangu Februari kila mgonjwa anachorwa. Akanitaka nitamke mwenyewe jina langu na bega gani. Nikatamka. Ersilia alikuwepo, akanishika mkono kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Akasema anachotaka ni kuniona nimepona, nyumba haijalishi tena. Akatoka kwenda kungoja nje.

Mwanamke mwema. Anastahili roshani.

Nimelala hapa nikifikiri. Kosa langu la kwanza lilikuwa kiungo. Bega huonekana, tena mtu hulitumia mbele za watu. Mgonjwa wa kitanda cha pili amewahi kushinda kesi, na ananiambia goti lina pointi mara mbili. Hospitali iliyokosea mara moja, ikikosea mara ya pili, ni nani atakayeitetea?

Nimeingia bafuni na sabuni. Wino wao ni mgumu lakini umetoka. Nikaazima kalamu ya jirani, nikachora mshale mpya juu ya goti la kulia, mnene, hata kipofu auone. Mnara wa Mtakatifu Prisko hubebwa kwa bega. Goti halihusiki kabisa.